Kinyonga Asafiri kwa Jina la Cherehani

Jumatatu, 3 Machi

Dada ametuma pesa. Zote, kwa mkupuo mmoja, bila masharti. Ni za kumsafirisha Kinyonga hadi kwake kusini, siku moja na nusu kwa lori. Ijumaa ya tarehe 21 anastaafu ukunga, miaka thelathini na sita wodi ileile, na anataka kutoka lango la hospitali akiwa juu ya pikipiki ya Baba. Basi. Hana ombi jingine.

Kwa atakayesoma shajara hii nikishakufa (na wewe Mama Watoto, weka chini): Kinyonga ni pikipiki ndogo ya kijani, ya zamani kuliko mimi, injini kama birika la chai. Baba alizunguka nayo nyumba za watu akisoma mita za maji. Mama alimwita mke mwenza. Dada alifundishwa kumwendesha akiwa na miaka kumi na minne, na akamwendesha kama aliyezaliwa juu ya tangi. Mimi nilifundishwa pia. Niliingia mtaroni. Lakini Baba alipofariki, baba zetu wadogo wakasema pikipiki ni ya mtoto wa kiume. Dada hakusema neno. Mwaka wa kumi na tisa huu Kinyonga amelala stoo kwangu chini ya magunia, na kila mwaka namwahidi Dada kumpelekea. Nikiandika haya naona aibu.

Jioni nimekwenda kampuni ya mizigo. Karani wao akanitajia bei. Ni sawasawa na pesa aliyotuma Dada, haizidi, haipungui! Inaelekea alipiga simu akauliza kwanza. Mtu mzima kabisa, hana imani na mdogo wake. Nikamwambia karani nitafikiria. Mama Watoto amesema hakuna cha kufikiria, pesa ni ya Kinyonga, kampe karani. Mama Watoto hajui biashara.

Jumanne, 4 Machi

Mungu ananipenda!

Mimi ni karani wa masjala. Kila barua inayoingia ofisini kwetu hupita mikononi mwangu kwanza. Naigonga muhuri wa kupokelewa, naitia kwenye faili, ndipo inapanda ngazi kwa wakubwa. Leo imekuja barua ya uhamisho ya Bwana Mifugo. Anapelekwa wapi? Mji wa Dada! Na mtumishi akihamishwa, ofisi humpa lori la kubebea vyombo vyake. Lori zima, la bure, litakalopita mbele ya hospitali ya Dada. Bwana Mifugo mwenyewe hajui bado. Mkewe hajui. Kuku wao hawajui. Tunajua mimi na Mungu.

Hatari ni Kiherehere, karani mwenzangu wa meza ya pili. Ana tangi la maji analotaka kulipeleka kwa wakwe zake, mji huohuo. Likiingia hilo, lori limejaa. Kwa hiyo nimeiweka barua droo ya chini, chini ya kalenda za zamani. Siku chache tu, mpaka nijipange. Inasema Bwana Mifugo athibitishe kwa maandishi kabla ya Ijumaa, lakini Ijumaa bado mbali.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempelekea Bwana Mifugo chai mezani kwake. Nikasifu kuku wake. Nikasifu tai yake. Akahamisha pochi kutoka mfuko wa nyuma kwenda wa mbele na kusema mwezi huu hana kitu. Nikamwambia sikuja kukopa, nauliza tu kama mwanafalsafa: mtu akihamishwa, akawa na lori, anaweza kumbebea mwenzake kipikipiki? Akajibu kwamba lori la ofisi si la mizigo ya watu, na kwamba hata ndugu yake wa damu asingembebea. Ni mwaminifu, ndiyo kasoro yake.

Mchana Kiherehere akaniuliza kwa nini siku hizi nafunga droo kwa ufunguo. Nikamwambia kuna panya. Akauliza panya gani anafungua droo. Ameanza kunusa.

Jumatatu, 10 Machi

Ijumaa ilinipita. Nilikuwa nahangaikia mambo ya safari, nikakumbuka barua Jumamosi nikiwa kwa kinyozi. Leo nimeitoa, nikaigonga muhuri wa tarehe ya leo. Bwana Mifugo akashuka ngazi jasho likimtoka, barua mkononi, akilalamika kwamba ametakiwa kujibu kabla ya Ijumaa, na hiyo Ijumaa ni ile iliyopita. Nikatikisa kichwa nikasema posta ya siku hizi, bwana, we acha tu. Nikampa pole kutoka moyoni. Akaandika uthibitisho palepale na mimi nikautuma palepale. Hakuna lililoharibika.

Kiherehere akapanda ngazi mbiombio kuombea tangi lake nafasi. Akarudi amenuna. Amekataliwa! Nilijifanya natafuta kitu chini ya meza ili nicheke vizuri.

Mimi siombi nafasi. Mimi ndiye ninayepiga chapa orodha ya vyombo. Bwana Mifugo aliandika vitu thelathini, cha mwisho kuku kumi na wawili pamoja na banda lao. Nikaongeza cha thelathini na moja: cherehani ya miguu, moja. Akatia sahihi nakala zote tatu bila kusoma. Watu waaminifu hawasomi.

Kwa hiyo pesa ya Dada imebaki. Si yangu, najua. Lakini nitakwenda kwenye sherehe yake, na siwezi kumwaibisha mbele ya madaktari kwa viatu nilivyonavyo. Nimenunua vya kahawia, soli nene. Ukitazama vizuri, ni viatu vyake. Namba yangu ni 42, ila 41 ndiyo iliyokuwa na punguzo.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeomba ruhusa siku mbili, leo na kesho. Nimemwambia mkuu tumbo. Kumbe ni kazi ya kumwosha Kinyonga.

Nimemtoa chini ya magunia. Vumbi la miaka! Nikamsugua tangi, kijani ikarudi. Mipira ya usukani imelika mahali Baba alipokuwa akiweka vidole gumba. Nikaweka vyangu palepale. Vidogo. Nikakaa pale stoo muda mrefu bila kufanya kitu, nikifikiria kwamba Dada angekuwa anamwendesha miaka yote hii, na mimi nilimfunika magunia kwa sababu tu nilizaliwa mwanamume. Laiti ningempa mapema.

Kisha nikamwaga petroli yote, nikamvika mablanketi mawili na ganda la godoro, nikashona kwa sindano ya magunia. Mama Watoto akaja kusimama mlangoni. Akauliza kama Dada anajua kwamba analetewa cherehani. Nikamwambia aniletee mkasi.

Jumamosi, 15 Machi

Wamepakia! Bwana Mifugo alikuwa ofisini akikabidhi funguo na madaftari, na mkewe ndiye aliyekuwa akisimamia. Nilikuja na mkokoteni kama mtu aliyetumwa. Wapakiaji wawili wakainua mzigo wangu wakagutuka, wakauliza hii cherehani inashona nini, mabati? Na mbona inanuka petroli? Nikasema mashine za zamani ni chuma kitupu, na hiyo harufu ni dawa ya kunguni. Mke wa Bwana Mifugo akachukua orodha. Kipengele cha thelathini na moja akakisoma mara mbili.  Akaugusa mzigo taratibu, akatabasamu peke yake, akaamuru pasiwekwe kitu juu yake. Mama mwema sana.

Alikuwa akifunga masweta na mablanketi chungu nzima. Nikamwonea huruma, nikamwambia kule waendako ni joto, mama, hayo ya nini? Akanitazama kama anayemtazama mgonjwa. Akasema yeye ameambiwa kule watu wanalala na soksi. Nikacheka moyoni. Watu hawajui jiografia.

Dereva sikumsemesha. Mwenye siri hapigi soga na dereva.

Jumapili, 16 Machi

Lori limeondoka alfajiri. Nimempigia Dada: keshokutwa asubuhi Kinyonga yuko kwako. Aende ofisi ya mifugo, amwone ofisa mpya, aulizie cherehani. Akauliza kwa nini cherehani. Nikamwambia ndiyo lugha ya usafirishaji.

 Nikadhani simu imekatika, kumbe analia. Dada yangu, ambaye sikumwona akilia hata Baba alipozikwa! Akasema amenunua kofia ngumu nyekundu. Amewaambia wauguzi wote. Mlinzi ameahidi kufungua lango pande zote mbili, jambo ambalo hufanyiwa gari la wagonjwa tu. Akanishukuru kwa jina langu la utotoni. Nikavimba kichwa, nikamwambia mdogo wako nikiahidi nimeahidi.

Jumanne, 18 Machi

Mungu wangu.

Dada amepiga simu asubuhi. Alikwenda ofisi ya mifugo na Shemeji, wamebeba kamba na lita moja ya petroli. Wamemkuta ofisa mpya. Kijana, kapera, amekuja kwa basi na mabegi mawili. Hana lori, hana kuku, na cherehani hajui hata kuitia uzi. Nikamwambia Dada lori litakuwa limepata pancha. Nikakimbilia masjala.

Faili. Barua ya pili. Ilipokelewa Alhamisi ya tarehe 13, siku ya tumbo langu, kwa mwandiko wa Kiherehere. Kwamba kwa kuwa uthibitisho wa Bwana Mifugo haukufika katika muda uliopangwa, nafasi ile amepewa mwingine, na yeye sasa aende kaskazini. Kaskazini! Mji wa milimani, wa ukungu, wa kulala na soksi. Pale njia panda lori lilikata kushoto na Dada yuko kulia.

Nikamuuliza Kiherehere kwa nini hakuniambia. Akajibu bila kuinua macho kwamba barua za masjala hazizungumzwi ovyo mezani. Akasema yeye angalau hakuiweka droo ya chini.

Anajua. Alijua tangu siku ya kwanza.

Siwezi hata kumchukia vizuri. Barua ile ingepanda ngazi siku iliyofika, Bwana Mifugo angejibu siku hiyohiyo, na leo Kinyonga angekuwa kwa Dada, hata kama angesafiri na tangi la Kiherehere mgongoni. Nimejipalia makaa kwa mkono wangu mwenyewe. Sikula.

Jumatano, 19 Machi

Nimempigia Bwana Mifugo. Afadhali nisingempigia. Mkewe amekuwa akimwomba cherehani miaka tisa. Alipoiona kwenye orodha alidhani mumewe amemnunulia kwa siri, akanyamaza ili asimharibie furaha ya kumshangaza. Njia nzima akaulinda mzigo ule. Walipofika akawaita majirani wapya waje kushuhudia, akafumua mshono. Kikatokea kipikipiki chakavu. Tangu hapo hasemi na mumewe. Bwana Mifugo amesema hatakigusa, hatakisafirisha, hatakilipia, na kwamba mimi ni mtu wa ajabu sana.

Kampuni ya mizigo wanaweza kumchukua kutoka kule. Bei karibu mara mbili, na wangefika Jumapili. Nimejaribu kurudisha viatu. Muuzaji akavigeuza, akatazama soli, akasema hivi vimeshatembea. Vimetembea hadi masjala na kurudi! Nauli ya kwenda kwenye sherehe haitoshi tena, viatu na mkokoteni vimeila pesa ya Dada.

Usiku nikamwambia Dada kwamba Kinyonga hatafika. Sikumwambia kwa nini. Akasema sawa.

Ijumaa, 21 Machi

Nilikuwa kazini, nikigonga mihuri. Kila dakika nikitazama saa. Saa tisa anaaga wodi. Saa tisa na nusu yuko uani. Saa kumi, lango.

Jioni Shemeji akanipigia. Dada alishinda na ile kofia nyekundu, hakuiweka chini. Dereva wa gari la wagonjwa akajitolea kumtoa kwa king'ora. Akakataa. Gari la daktari mkuu, akakataa. Mlinzi alikuwa ameshafungua lango pande zote mbili, maana aliahidi, akaona haya kufunga upande mmoja. Dada akapita katikati ya lango zima kwa miguu, kofia kwapani, wauguzi wakimpigia makofi. Akaenda hivyo hadi nyumbani.

Shemeji akasema hapigi kunilaumu. Alidhani tu ningependa kujua ilikuwaje.

Nimelia bafuni, bomba likiwa wazi ili watoto wasinisikie. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu hakungoja zamu yake, amekuja kama kifungua mimba.

Jumapili, 23 Machi

Nimemwambia Dada kila kitu. Droo, muhuri, orodha, viatu. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi nisije nikaruka kitu.

 Akauliza viatu ni namba ngapi. Nikasema 41. Akauliza mimi navaa ngapi. Nikasema 42. Akacheka mpaka Shemeji akapokea simu kwa muda.

Aliporudi hakuwa akicheka. Akaniuliza kama najua alifikaje hospitali ile siku ya kwanza. Sikujua. Nilikuwa na miaka sita. Akasema nauli ya basi haikuwepo. Baba akaomba likizo, akampakia nyuma ya Kinyonga na sanduku lake, wakawa barabarani siku nne. Alimshusha langoni, akamwambia hapa umefika, akageuza. Mimi nakumbuka tu kwamba Baba alipotea siku nyingi, nikaambiwa amekwenda kusoma mita za mbali. Dada akasema Baba ndiye aliyemwingiza, na yeye alitaka Baba huyohuyo amtoe. Si kwa ajili ya watu kuona.

 Nikasema nisamehe, Dada. Akasema alishanisamehe tangu mtaroni, lakini kusamehe si kuelewa.

Jumatano, 26 Machi

Dada yuko kaskazini! Amepanda basi juzi bila kumwambia mtu ila Shemeji. Amelala kwa Bwana Mifugo. Mkewe amempokea kama ndugu, wamekesha wakinisema. Asubuhi Dada akasafisha plagi kwa msasa, akachanganya petroli na oili kwa kipimo cha Baba, akapiga kiki. Ya nne, Kinyonga akakohoa, akawaka. Yule mama akapiga vigelegele, hata na mumewe akasema naye.

Anarudi naye kwake. Kwa barabara. Mwenyewe! Miaka sitini, kofia nyekundu! Shemeji nilipompigia akasema amejaribu kumzuia, na kwamba mimi kama nina njia nzuri zaidi nimwambie. Nikakata simu kwa heshima.

Dada ameniandikia kwamba Ijumaa saa sita mchana atapita njia panda yetu, pale kituo cha mafuta. Niende na Mama Watoto na watoto. Hataki kitu, anataka tunywe chai pamoja na watoto waisikie injini ya babu yao. Halafu aendelee, siku nne, kama Baba. Nimeusoma ujumbe mara tatu. Sistahili dada huyu.

Alhamisi, 27 Machi

Nimekata shauri. Nimemwambia Mama Watoto, nikiwa nimesimama, kwamba tangu leo mimi na njia za mkato tumeachana. Cha bure sitaki, cha nusu bei sitaki. Nitamrudishia Dada pesa yake yote. Mama Watoto akasema haya, akaendelea kukunja nguo. Nimejisikia mwepesi. Mtu mpya.

Jioni nikapita kwa mshonaji wa ng'ambo ya barabara. Nikamkuta ameshika tama. Ana marobota mawili ya mapazia ya kupeleka kusini, mji wa Dada hasa, na basi wanamtajia bei ya kukata pumzi. Nikakaa naye kumpa pole. Mtu mpya hampiti jirani mwenye shida. Nikawa nafikiria. Ni nani ninayemjua anayeondoka kesho mchana kwenda mji huohuo, kiti cha nyuma kitupu kabisa?

Nimemtajia nusu ya bei ya basi. Amelipa palepale, kwa furaha, akaongeza robota la tatu. Pesa hii ni ya Dada, yote, ndiyo nitakayoanzia kumrudishia. Hiyo ndiyo tofauti na zamani.

Nimeyapima marobota kwa kamba. Yanatosha. Kinyonga alibeba mtu na sanduku siku nne, hawezi kushindwa na mapazia, na Dada mwenyewe ni mwembamba. Bado sijamwambia. Nitamwambia kesho, akishakunywa chai.